Mtutu Uliolika

Mwezi wa kukomaa mahindi, shemeji yangu alikuja nyumbani kwetu hapa Lweba usiku, akaketi, akakataa chai, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Shemeji, nimepata bunduki. Mwenyewe anataka dola 120. Mimi ninazo 60." Hakuhitaji kuendelea na hesabu.

Sikumkemea. Shamba letu la pamoja liko juu, mahali ambapo uwanda wa ziwa unakwisha na milima inaanza. Nyani hushuka huko alfajiri kwa makundi, kama watu wanaowahi soko, na usiku huja nguruwe mwitu kufukua mihogo na karanga. Msimu uliotangulia tulivuna magunia manne mahali pa tisa. Kwa kuwa mimi ni mwalimu na asubuhi siwezi kulinda, kazi hiyo ilimwangukia mwanangu wa miaka 12: majuma matatu katika kibanda cha nyasi, akipiga debe, huku wenzake wakiwa darasani, tena darasani mwangu. Kila asubuhi niliita majina, na nilipofika kwake niliruka. Basi nilipotajiwa bunduki, sikufikiria vita. Nilifikiria jina lile.

Tulikwenda kuiona Jumapili jioni, pamoja na mzee mmoja ambaye zamani aliwinda kwa kibali. Ilikuwa Mauser ya kale, ya komeo la kuvutwa kwa mkono, kitako chake kimefungwa waya. Mwenyewe alisema ilikuwa ya baba yake tangu wakati wa Mulele. Huenda. Silaha nyingi ziliingia katika mwambao huu wa Fizi mwaka 1965, zikivushwa ziwa kutoka Kigoma, mwaka ule ule Che Guevara alipokuwa huku tangu Aprili hadi Novemba. Vita vya 1996 na 1998 vikaleta nyingine. Kwetu bunduki huishi kuliko mwenyewe.

Shemeji alitaka kuijaribu. Mwenyewe alimtazama kwa mshangao. "Uijaribu wapi? Ukipiga mmoja tu, mama zetu wote watakuwa ndani ya mitumbwi kabla hujapiga wa pili." Alisema kweli. Mahali pengine mnunuzi hubandika karatasi kwenye mti, akapiga risasi tano, akaona zimeangukia wapi. Sisi tungenunua kitu ambacho hatukuweza kusikia sauti yake.

Mzee hakuhitaji mlio. Aliomba risasi moja, akaigeuza, akachomeka ncha yake katika mdomo wa mtutu. Katika mtutu mzima, alisema, ncha huingia kidogo na kukwama. Ile ilizama yote mpaka ganda likagusa chuma, ikacheza humo kama kidole katika pete ya mtu mnene. Akatueleza kwamba ndani ya mtutu kuna mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka, nayo ndiyo inayoizungusha risasi ili iruke sawasawa. Wengi huharibu mdomo huo kwa kusafisha haraka, wakisukuma fimbo ya chuma yenye mchanga kutoka mbele. Risasi za zamani za kijeshi nazo huacha chumvi ndani, na chumvi huvuta unyevu. Palipo na unyevu wa ziwa, kutu haichelewi.

Shemeji hakukata tamaa. Alisikia kwamba fundi anaweza kukata vidole viwili vya mdomo na kuusawazisha upya. Mzee alikubali kwamba jambo hilo hufanyika, kama uharibifu uko mbele tu. Akatoa komeo, akamulika kwa tochi kutoka nyuma, akatupa sisi tuangalie. Karibu na chumba cha risasi, mahali panapopokea moto wote, mifereji haikuonekana kabisa. Palikuwa na weusi na vishimo.

"Imepiga sana hii," alisema. Hakuna aliyeuliza imepiga nini. Mwenyewe alikuwa akitazama ziwa.

Risasi isiyozungushwa, mzee aliendelea, hupinduka angani na kufika kwa ubavu. Tundu lake huwa refu kama tundu la ufunguo. "Kwa hatua 30 labda utampata nyani. Zaidi ya hapo utampata yeyote." Nami nikaona njia iliyo chini ya shamba letu, wanakopita wanawake wakitafuta kuni, wa kwetu na Warundi wa kambi ya Lusenda, ambao wako hapa tangu 2015. Hupita alfajiri, saa ile ile ya nyani.

Kulikuwa na mambo mengine. Ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inadai kibali, na bunduki ile haikuwa na hata kipande cha karatasi. Tena nyumba inayojulikana kuwa na bunduki hutembelewa usiku na wanaoitaka. Lakini nikisema sheria ndiyo iliyonizuia nitakuwa ninajipamba. Nilijua habari ya kibali kabla ya kwenda, na nilikwenda.

Nilisoma pia Katekisimu, namba 2265, inayosema kwamba kwa mwenye dhamana ya uhai wa wengine, kuwalinda kunaweza kuwa wajibu mzito. Niliisoma mara mbili nikitafuta ruhusa. Nyani, hata hivyo, hajatishia uhai wa mtu nyumbani mwangu. Nikamkumbuka Petro bustanini: upanga wake labda ulikuwa mkali, naye alikuwa karibu kabisa, hatujui alilenga nini, ila alichopata ni sikio la mtumishi.

Sikutoa dola zangu 60. Shemeji alikaa mwezi mzima bila kupita kwetu, na dada yake, yaani mke wangu, aliniambia wazi kwamba ni rahisi kuwa na dhamiri safi huku mtoto ndiye anayelala kibandani. Sikuwa na jibu. Sasa tunapokezana: Jumamosi ninapanda mimi, siku mbili hupanda shemeji, lakini Jumatatu na Jumanne bado ninaruka jina lile.

Bunduki ilinunuliwa na mtu mwingine, sijui wa kijiji gani. Juma lililopita, kabla ya jua kuchomoza, mlio mmoja ulisikika milimani. Mama zetu walitoka nje, kila mmoja akihesabu watoto wake. Tulisubiri wa pili, haukuja. Mwanangu aliposhuka adhuhuri na debe lake, aliniuliza kama ilikuwa ile ile.