Jina la Mwenye Bunduki

Wanafunzi wangu hapa Bujumbura wanamfahamu Billy the Kid kutokana na filamu. Hushangaa nikiwaambia kwamba sifa yake ilikuzwa na magazeti, tena yeye mwenyewe akiwa anakana. Mnamo Desemba 1880, gazeti la Las Vegas Gazette la New Mexico lilimtangaza kuwa mkuu wa genge la wezi wa mifugo. Tarehe 12 ya mwezi huo alimwandikia barua Gavana Lew Wallace akisema hana genge lolote. Haikumfaa. Julai 1881 alipigwa risasi na Pat Garrett, na mwaka uliofuata Garrett huyo huyo akachapisha kitabu cha maisha ya marehemu!

Kenya nayo ina Garrett wake. Ian Henderson, afisa wa polisi aliyeongoza msako wa Dedan Kimathi, alitoa kitabu cha msako huo mwaka 1958, Kimathi akiwa amekwisha kunyongwa. Magazeti ya walowezi yalimwita gaidi. Tangu 2007 sanamu yake imesimama katikati ya Nairobi.

Nasi je? Katika vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, habari zetu ziliwaita waasi "assaillants", yaani washambuliaji. Neno hilo halina kijiji, halina umri, halina dai. Mwaka 2005 baadhi yao waliingia serikalini kwa kura, wakawa waheshimiwa. Sisemi kwamba jina la pili lina ukweli kuliko la kwanza. Yote mawili humtazama mwenye bunduki tu, na aliyeanguka mbele yake hasomeki.

Ndiyo maana huwaambia vijana wahesabu waliokufa. Hadithi zilidai kuwa Billy aliua watu 21. Wanahistoria hawafikishi hata kumi. Lakini tarehe 28 Desemba 2000, basi la Titanic Express lilivamiwa na watu wenye silaha karibu na mji wetu, na abiria 21 wakauawa kweli. Magazeti ya Uingereza yalimwandika kwa jina na picha Mwingereza aliyekuwamo, mwalimu wa kujitolea. Wenzake 20 walibaki kuwa tarakimu.

Kazi ya nyumbani ya juma hili ni fupi. Kila mmoja amuulize mzee wake juu ya mtu aliyepotea njiani miaka ile, kisha aandike jina kamili, kazi yake, na alikokuwa akienda.