Ndama Aliyepotelewa na Mama

Akina mama wenzangu, ukitaja nyumbu, wengi wetu hapa Kenya hukumbuka Mto Mara na mamba wake. Mimi hukumbuka Februari 2014, tulipovuka mpaka wa Namanga na akina mama wa kanisa kwenda Tanzania, hadi Ndutu, kusini mwa Serengeti.

Huo ndio msimu wa kuzaa. Mvua huotesha nyasi fupi kwenye udongo wa majivu ya volkano, chakula bora kwa mama anayenyonyesha, na maelfu kwa maelfu ya nyumbu huzaa katika majuma machache. Mimi ni muuguzi, nimezalisha wengi, lakini nilistaajabu kuona ndama akisimama dakika chache baada ya kuzaliwa. Mama humtambua kwa harufu na sauti.

Kisha tukaona ndama aliyepotelewa na mama. Alimwendea nyumbu mmoja, akasukumwa kwa pembe. Akamwendea mwingine, akafukuzwa. Nyumbu hunyonyesha wake tu. Fisi hawakuwa mbali.

Tulinyamaza garini. Nyumbani, ukoo wetu ulikuwa ungali ukibishana nani atamchukua mtoto wa marehemu dada yangu. Kila mmoja alikuwa na karo ya kulipa, nasi pia. Tulipofika Arusha nilimpigia mume wangu simu. Akasema, "Tutamlea."

Nyumbu hana lawama, ndivyo alivyoumbwa. Sisi tumepewa zaidi. Binti Farao alimlea Musa, Mordekai akamlea Esta. Dada, ukoo wako ukikaa kikao kama hicho, usingoje mwingine aanze kusema.