Ampea ishirini na mbili

Dainamo ya Lucas C40, ile iliyofungwa kwenye Land Rover nyingi za miaka ya sitini, hutoa ampea 22 injini ikiwa kwenye mwendo wa safari. Zidisha kwa volti za betri, unapata kama wati 280. Sasa anza kutoa. Taa kubwa mbili zikiwa full ni wati 120. Taa ndogo za mbele na nyuma, wati 20. Koili ya plagi, 40 hivi. Wipa zikianza kupiga, 35 nyingine. Usiku wa mvua, kinachobaki ni wati sitini na kidogo. Hapo ndipo mtu anapokuja na redio ya kisasa, amplifaya iliyoandikwa wati 600 ubavuni, chaja za simu na friji ya safari. Na hesabu hiyo ni ya gari linalotembea. Kwenye foleni, injini ikizunguka taratibu, dainamo haitoi kitu cha maana na vyote hivyo vinakula betri.

Nimeanza na hesabu kwa sababu ndiyo inayorukwa, huku Uingereza na kule nyumbani. Redio ina utamu wake na dainamo haina. Hapa Birmingham nimeona Land Rover iliyopakwa rangi upya hadi chini ya viti, bolti zote mpya, spika za bei kali, lakini taa zinafifia kila bezi inapogonga. Kule nyumbani, Moshi, nimeona ugonjwa huohuo kwenye gari ambalo rangi yake haijaguswa tangu enzi za Mwalimu.

Solihull, ambako Land Rover zilianza kutengenezwa mwaka 1948, ni pua na mdomo na ninapoishi. Bodi zake ni za aloi ya alumini kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, na aloi yenyewe, Birmabright, imebeba jina la mji huu. Jirani yangu, mzee mstaafu, ana Series IIA fupi ya 1964. Baba Mdogo, kule Moshi, ana ile ndefu, 109, ya 1966 iliyoanza maisha yake kwenye misheni. Kiwanda kimoja, nyaya zilezile za Lucas, fyuzi mbili tu kwa gari zima. Magari haya mawili yamenipa nafasi ya kulinganisha kwa haki.

Huku, kanuni ya kwanza ya mtu anayefufua gari la zamani ni kwamba kitu kipya kisionekane, na ya pili ni kwamba kiweze kuondolewa bila kuacha kovu. Mzee alikuwa na redio ya Radiomobile, ya masafa ya kati na masafa marefu tu. Masafa hayo yanazidi kufungwa Uingereza. Absolute Radio walizima masafa yao ya kati Januari 2023. Kwa hiyo alitoa matumbo ya redio ile na kuweka ndani yake saketi mpya yenye FM na Bluetooth. Kioo ni kilekile, vishikizo vilevile, ukivizungusha vinatoa mlio uleule. Wengine hununua redio mpya zilizochongwa zifanane na za zamani: Blaupunkt wamerudisha Bremen SQR 46 yao ya miaka ya themanini, sura ileile, ndani ina DAB na USB. Wapo pia wasioweka redio kabisa. Wanaficha amplifaya ndogo chini ya kiti na simu inafanya yote. Spika wanazipenda zile za mashua, kwa sababu Land Rover ya zamani huvuja.

Hata chaji inafichwa. Inauzwa altaneta iliyowekwa ndani ya umbo la dainamo, kiasi kwamba ukifungua boneti unaona kile alichokiona fundi wa 1964. Uhalisia una thamani ya pesa: gari likifikisha miaka 40 linaweza kusajiliwa kuwa la kihistoria, halilipiwi kodi ya barabara, na likiwa halijabadilishwa sana halilazimiki kwenda kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Kampuni za bima hukubaliana na mwenye gari kuhusu thamani yake tangu mwanzo, na kila badiliko lazima litajwe kwao.

Naiheshimu kanuni hii ya uhalisia, ila kuna mahali inavuka mpaka. Kwenye magari haya umeme wa taa kubwa hutoka kwenye betri, ukapita ndani ya dashibodi, kwenye swichi yenye umri wa miaka sitini, ndipo urudi mbele. Ukifika kwenye balbu umeshapungua. Rilei mbili karibu na taa zinamaliza tatizo: swichi inabaki kutoa amri tu, umeme wenyewe unapita njia fupi yenye waya mnene. Wapo watu huku wanaokataa rilei hizo kwa sababu gari halikuja nazo. Sikubaliani nao. Dereva asiyeona mbele yake ni hatari kwa mtoto anayevuka barabara, na mtoto huyo hana habari na uhalisia.

Ninachokitamani kutoka kwa Mzee ni faili lake. Ana mchoro wa nyaya zote za gari kama zilivyotoka kiwandani, na juu yake, kwa kalamu nyingine, ameongeza kila kitu alichokifunga mwenyewe: waya umetoka wapi, umepita wapi, unene wake, fyuzi yake ya ampea ngapi, na tarehe. Rangi za Lucas amezifuata bila kukosea. Kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri, nyeupe ni wa baada ya swichi ya ufunguo, kijani ni uliopita kwenye fyuzi, buluu ni taa kubwa, nyekundu taa ndogo, nyeusi ni wa kurudi kwenye bodi. Fundi yeyote akipewa faili lile kesho, anaanza kazi bila kubahatisha.

Nyumbani ujuzi unakaa mahali pengine, na ni ujuzi mkubwa. Nenda kwenye gereji za Arusha zinazotengeneza magari ya watalii. Pale gari linaongezewa friji, soketi za kuchajia kamera kwa kila kiti, redio kol, na betri ya pili isiyoruhusiwa kamwe kuinyonya ile ya kuwashia injini. Kisha linapelekwa Serengeti kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, na linatakiwa kurudi na kila kitu kikifanya kazi. Mzee wangu hajawahi kupewa mtihani huo. Ongeza mafundi wanaosuka upya koili za stata na dainamo, kazi ambayo huku watu wengi wanaikwepa kwa kubadilisha kifaa kizima. Ongeza na ile elimu iliyokuja na magari ya Japani: redio zao zilitengenezwa kwa FM inayoanzia 76 na kuishia 90 au zaidi kidogo, wakati sisi tunasikiliza hadi 108, na fundi wa pembeni ya barabara anafunga ekspanda kwa muda mfupi, stesheni zinaingia. Hatujawahi kuogopa kufungua redio.

Ila ujuzi huo umo kichwani. Fundi akihama, unahama naye.

Gari la Baba Mdogo lilitoka Solihull upande chanya wa betri ukiwa umefungwa kwenye bodi, kama magari mengi ya Kiingereza ya wakati ule. Land Rover zilihamia hasi karibu 1967. Redio za kaseti zilipoingia, kasha lao la chuma lilikuwa la upande wa hasi. Ukilifunga kwenye gari la chanya, kasha likigusa bodi ni shoti papo hapo. Fundi mmoja akaligeuza gari, na aliligeuza vizuri. Betri ilizungushwa, nyaya mbili za koili zikabadilishana nafasi, na za mita ya ampea vilevile. Stata haikuhitaji chochote, kwa sababu sumaku yake na koili zake hugeuka pamoja, kwa hiyo huzunguka upande uleule. Dainamo ndiyo yenye siri. Chuma chake hubaki na sumaku kidogo inayokumbuka upande wa zamani, na inabidi kuigusisha waya wa betri kwenye kichwa cha F kwa sekunde moja, cheche zitoke, ndipo ikubali upande mpya. Yote hayo yule fundi aliyajua. Hakuandika hata neno moja, na hakuna aliyemwomba aandike. Baadaye alihamia Kahama.

Miaka ikapita. Betri mpya ikanunuliwa, na kijana wa gereji moja akafanya kile ambacho mwanafunzi mzuri angefanya: alifungua kitabu cha gari. Kitabu kilisema chanya kwenye bodi. Akafunga kama kilivyosema. Redio iliungua palepale, na pointi za kisanduku cha chaji zikashikana kwa moto. Baba Mdogo alinipigia simu akiwa na hasira na yule kijana, nami nikamtetea. Kijana alisoma. Maandishi pekee aliyoyakuta yalikuwa yameacha kuwa kweli tangu enzi za kaseti.

Tukakubaliana gari lifanyiwe nyaya upya, safari hii kwa utaratibu. Fundi aliyepewa kazi anatoka kwenye magari ya watalii. Alipofungua dashibodi alikuta nyaya za miaka na miaka, karibu zote nyekundu kwa sababu duka la jirani lilikuwa na rola la rangi hiyo, zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu iliyokwisha kuwa nta. Alizitoa zote. Nilimuuliza kwa nini halehemu maungio. Akanijibu, "Kaka, lehemu inaufanya waya mgumu. Unakatika pale lehemu inapoishia, gari likitikisika." Anabana vichwa vya waya kwa koleo lake maalumu, kisha anavifunika kwa mpira unaonywea kwa joto. Pale ambapo alumini inakutana na chasisi ya chuma aliweka waya wa kurudishia umeme kwa kila taa, maana metali hizo mbili zikipata unyevu hulana, na taa za nyuma huanza kuwaka kwa kigugumizi.

Kisha akafanya kitu ambacho Mzee asingekikubali. Aliondoa dainamo, akachomelea kibano kipya, akafunga altaneta ya Toyota ya ampea 60. Mita ya ampea ya dashibodi, ambayo haikutengenezwa kwa mzigo huo, aliiacha pale kwa sura tu na kuweka mita ya volti. Kwangu uamuzi huo ni sahihi kabisa. Altaneta ile ikifa Babati au Singida, nyingine inapatikana siku hiyohiyo. Ile iliyofichwa kwenye umbo la dainamo ingesubiri mtu anayesafiri kutoka ng'ambo. Taa zikapata rilei. Balbu za LED nilizikataa mimi: kioo na kikombe cha taa vilichongwa kwa balbu ya waya, na LED ikiwekwa humo hutawanya mwanga ovyo na kumpofusha anayekuja, kama tunavyopofushana kila usiku barabara ya Arusha. Redio ilikuja ya mwisho, ya kawaida, yenye FM na Bluetooth, na spika mbili ndani ya sanduku la katikati ya viti. Inatosha. Ukifika kilometa 80 kwa saa ndani ya 109, hakuna amplifaya itakayoishinda gia boksi.

Sharti langu, kwa kuwa sehemu ya gharama nilitoa mimi, lilikuwa mchoro. Fundi alisita. Hakuwa na uchoyo. Hakuna mteja aliyewahi kumlipia karatasi, na saa anazochora ni saa ambazo hajafunga kitu. Tukaupangia malipo yake kama kazi nyingine yoyote. Aliuchora kwanza ubavuni mwa boksi la betri, kisha kwenye karatasi kubwa, kwa rangi, kila waya na fyuzi yake. Nakala moja imelaminishwa na kufungwa ndani ya mlango wa kisanduku cha fyuzi. Maneno ya kwanza juu kabisa, kwa herufi kubwa: HASI KWENYE BODI. Naamini kabisa kwamba wenye magari ndio wa kulaumiwa kwa kukosekana kwa karatasi hizi. Tunalipia redio, tunalipia spika, halafu tunataka kumbukumbu tupewe bure.

Nilimwonyesha Mzee picha ya mchoro. Kibano cha altaneta alikipita bila kusema kitu, nami nikamwelewa. Alisimama kwenye betri ya pili, ambayo fundi aliiongeza kama kwenye magari ya watalii. Anataka kwenda Uskoti kupiga kambi, anataka friji ndogo, na kila alichosoma kilimpeleka kwenye kifaa cha bei ambacho hakuweza kuona kinafanya nini ndani. Kwenye mchoro wa Moshi aliona rilei nene inayoamshwa na altaneta yenyewe, kwa hiyo betri mbili zinaunganishwa pale tu chaji inapotoka. Akaniomba nimuulize fundi kwa nini waya mmoja una fyuzi mbili, moja kila mwisho.

Jibu lilikuja kwa sauti ya WhatsApp, kelele za gereji nyuma yake. Waya huo una betri pande zote mbili, alisema, kwa hiyo ukikatika na kugusa bodi utapata moto kutoka kila upande. Fyuzi moja inazuia nusu tu ya ajali. Akamaliza kwa swali lake: kutoka betri ya kwanza hadi ya pili kwenye gari la mzee huyo ni mita ngapi, maana unene wa waya hawezi kuusema bila urefu. Mzee anakwenda kupima Jumamosi.