Siku Tatu za Mwisho Nairobi, na Mtaa wa Pipeline

Mgeni aendaye Nairobi huonyeshwa mambo yale yale: wanyama, majumba marefu na wingi wa magari. Mimi nami nilionyeshwa, wala sikuchoka kuyatazama. Lakini wazazi wengi wa mashamba wana watoto wao Nairobi, na watoto hao hawakai katika majumba yale. Kwa ajili ya wazazi hao nitayapita mambo ya mjini upesi kidogo, ili nipate nafasi ya kueleza mahali watoto wao wanapolala.

Safari yangu ya Kenya ilikuwa ya wiki mbili. Zilipobaki siku tatu nirudi kwetu Moshi nilikutana na rafiki zangu wawili, tuliojuana zamani Arusha tulipokuwa makarani wa ghala moja. Mmoja ni mtu wa Machakos na wa pili ametoka Siaya. Wote wawili wanakaa Pipeline, upande wa Embakasi, mashariki ya mji. Walikwisha nitafutia chumba cha kulala mjini, maana walisema kwao hapamfai mgeni. Nikawajibu, "Ndugu zangu, mlipokuja Moshi mlilala kwangu. Usiku wa mwisho nitalala kwenu." Wakatazamana, kisha wakacheka, wakakubali.

Siku ya kwanza tulikwenda kwanza katika bustani ya ukumbusho wa bomu la tarehe 7 Agosti 1998. Watu 213 walikufa pale Nairobi, na asubuhi ile ile wengine 11 walikufa kwetu Dar es Salaam. Tulisimama mbele ya ukuta wenye majina, na kwa muda hapana aliyesema neno. Kutoka hapo tulipanda jumba la mikutano la Kenyatta, lililomalizika mwaka 1973. Lina ghorofa 28, na mtu akiwa juu aweza kutazama pande zote. Siku za anga safi Mlima Kenya huonekana, hata Kilimanjaro. Siku ile mawingu ya Agosti yalitanda, basi nikakosa kuuona mlima wetu nikiwa ugenini. Ndipo mtu wa Siaya aliponyosha kidole mashariki, palipoonekana kama ukuta mrefu wa kijivu, akasema, "Kule ndiko tulalako."

Siku ya pili tuliona makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Mna behewa ambalo simba aliingia akamtoa Bwana Ryall, ofisa wa polisi wa reli, kule Kima mwaka 1900. Jioni tukafika mbuga ya wanyama, iliyotengwa mwaka 1946, ambako twiga hula majani na nyuma yao yaonekana majengo ya mji. Jambo hilo kila mgeni husimulia, nami sitalirefusha.

Siku ya tatu tulishika njia ya Jogoo Road kwa matatu. Kulia kwetu tuliona Kaloleni, nyumba za chini za mawe zenye vigae vyekundu, zilizojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika. Zimechakaa sasa, lakini kati ya nyumba na nyumba kuna miti na mahali pa watoto kucheza. Nawaomba wasomaji wayakumbuke hayo tufikapo Pipeline.

Jina la mtaa huo limetokana na bomba la mafuta. Kampuni ya bomba hilo iliundwa mwaka 1973, na mafuta yakaanza kusukumwa kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 1978. Mwaka 1994 bomba likafika Eldoret na Kisumu. Ni kazi kubwa yenye faida kwa nchi nyingi za bara. Lakini tarehe 12 Septemba 2011 petroli iliyovuja ilishika moto katika Sinai, mtaa wa mabanda upande wa viwandani, na watu wapatao mia moja wakafa. Rafiki zangu walilisimulia jambo hilo kwa sauti ya chini.

Pipeline yenyewe si mabanda. Ni nyumba za mawe za ghorofa sita, saba, hata nane, zilizojengwa na watu binafsi, nazo zimesongamana hata jua halifiki chini ila saa sita mchana. Wenye vyumba vya chini huwasha taa mchana kutwa. Katika nyumba ya wenyeji wangu nilihesabu milango 14 kwa ghorofa moja, na ghorofa ni saba. Yaani milango 98 chini ya paa moja. Kitongoji chetu hakina kaya 98. Kila mlango ni chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, na choo ni cha watu wa ghorofa nzima. Kodi yake, waliniambia, ni shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi. Maji yasipotoka hununuliwa kwa mitungi ya lita 20 iletwayo kwa mkokoteni, kisha mtu huipandisha ngazi mwenyewe.

Njiani kila kitu huuzwa kidogo kidogo. Mafuta ya kupikia hupimwa kwa kikombe, na vitunguu huuzwa kimoja kimoja. Nilimwuliza mama mmoja, "Mama, vitunguu hivi vimetoka wapi?" Akajibu, "Tanzania, mzee wangu. Vya huko havinyauki upesi." Wakulima wenzangu, nilifurahi mno kusikia hayo, nikanunua sita, navyo ndivyo tulivyopikia usiku ule.

Baada ya chakula tulizungumza. Mtu wa Siaya mkewe na watoto wako nyumbani, kwa sababu chumba hakiwatoshi. Akasema, "Baba anaamini nina nyumba Nairobi. Sikumdanganya. Nilimwambia nakaa katika nyumba ya ghorofa." Tukacheka, lakini yeye hakucheka sana. Mdogo wake amemaliza shule na anataka kumfuata, na baba yuko tayari kuuza ng'ombe kwa ajili hiyo. Nikamwuliza kwa nini hamwelezi mzee. Akasema kila akianza kuandika, huona aibu kwa miaka kumi na moja aliyokwisha kukaa.

Mtu wa Machakos hakukubaliana naye. "Katika chumba hiki hiki nimewasomesha dada zangu wawili," akasema. "Mwache kijana aje, ila ajue anakokuja." Walibishana mpaka usiku mwingi, nami sikuweza kuamua, maana wote wawili walisema kweli. Nilichofanya ni kuomba ruhusa niyaandike haya bila kutaja jina la mtu. Mtu wa Siaya akafikiri, kisha akasema, "Andika. Afadhali mzee ayasikie kwa mgeni."

Nililala kitandani, wao wakatandika chini.

Saa kumi na moja alfajiri nilisikia vishindo vya miguu, kana kwamba jeshi linapita. Nikatoka kwenye ukumbi wa ghorofa nikatazama chini. Njia ilijaa watu, waume kwa wake, wakienda kwa miguu kuelekea viwandani ili kuokoa nauli. Hapana aliyekuwa akipiga kelele. Wengine walibeba chakula cha mchana katika mifuko midogo, wengine walifunga kamba za viatu huku wakienda, na msafara ule haukukatika kwa muda wa saa nzima.

Mtu wa Siaya alinisindikiza mpaka barabara kubwa. Tukaagana, yeye akaingia katika msafara, mimi nikapanda gari, na kabla ya saa sita nilikuwa Namanga.