Kutoka Kibaha hadi Kisarawe bila Kuchemsha

Mtu akitaka kwenda Kisarawe akitokea Kibaha, njia ya busara ni kurudi kwanza Dar es Salaam kwa lami, kisha kupanda kwa Gongo la Mboto na Pugu. Mjomba wangu hakuitaka njia hiyo. Yeye alitaka kupita nyuma, kwa Mlandizi, Mzenga na Maneromango, maana huko ndiko waliko wenye mihogo, korosho na mananasi, na wasio na cha kubebea.

Chombo chake ni Landrova ndefu ya zamani, aliyoinunua kwa kiinua mgongo chake chote. Injini yake ya asili, ya silinda nne na lita 2.25, ilikwisha siku nyingi. Mahali pake imewekwa ya Toyota, ya dizeli, silinda sita, lita 4.2. Mbele limefungwa bampa la chuma lenye winchi na taa mbili kubwa, na magurudumu ni mapana kuliko yale ya kiwandani. Ukiitazama ikisimama Maili Moja utadhani inakwenda kuvuta tembo matopeni. Hata hivyo mara mbili ilikuwa imejaribu safari hii, na mara mbili ilirudi ikivutwa. Mara ya pili silinda hedi ilipinda ikabidi ikwanguliwe, na fundi akasema wazi kwamba chuma kilichobaki hakitastahimili kukwanguliwa tena. Kwa hiyo, ndugu msomaji, safari hii ya tatu haikuwa ya matembezi.

Kibaha ni mji uliozoea injini. Jina la TAMCO, kiwanda kilichokuwa kikiunganisha malori ya Scania, limebaki kuwa jina la mtaa hadi leo. Na hapo hapo Kibaha kuna Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari kilichoanzishwa mwaka 1985 chini ya wizara ya ulinzi. Haishangazi basi kwamba chini ya miembe ya mji huu hukosi fundi mwenye rai juu ya gari lako. Mjomba alikuwa amezisikia zote. Wa kwanza alimwambia aondoe themostati, ili maji yapite bila kizuizi. Wa pili alimwambia aongeze feni. Wa tatu, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakusema neno mpaka alipochukua kipande cha karatasi, akakiweka mbele ya rejeta huku injini inanguruma. Karatasi ilinata katikati, pembeni ilianguka.

“Feni yako inavuta hewa penye duara lake tu,” alisema. “Kwingine kote rejeta imelala.”

Maneno hayo yalikuwa na maana kubwa. Karibu theluthi moja ya nguvu iliyomo katika mafuta hugeuka joto ambalo maji hulibeba hadi kwenye rejeta, na hewa ndiyo hulipokea. Gari likienda kasi barabarani, upepo wenyewe hufanya kazi hiyo. Likiwa katika mchanga, kwa gia ndogo, injini inafanya kazi ya punda na upepo haupo. Hapo kila kitu kinategemea feni. Rejeta ya mjomba ilikuwa ile ile iliyotengenezwa kwa injini ndogo, na mbele yake winchi na taa zilikuwa zimeziba nusu ya mlango.

Mzee yule alifanya kazi siku tatu. Alifunga rejeta pana zaidi, iliyotoka katika lori dogo. Alikata bati la pipa kuukuu, akalikunja kuwa kizingio kinachoizunguka feni, ili hewa yote inayovutwa ipite katika rejeta nzima. Nyufa za pembeni aliziba kwa vipande vya mpira wa tairi, kwani hewa, kama maji, hufuata penye wepesi. Taa alizihamishia juu ya paa. Themostati aliirudisha. Jambo hili lilimshangaza mjomba, lakini sababu yake ni rahisi: katika injini nyingi za namna hii themostati, inapofunguka ikifika nyuzi zipatazo 80, huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiiondoa, sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta kamwe.

Tulitoka alfajiri. Hadi Mlandizi kulikuwa na lami na mshale ulitulia. Tulipoiacha barabara kuu na kuelekea kusini, tulivuka reli ya kati, tukaingia penye nyasi ndefu na udongo mweusi. Hapa mjomba alisimama mara mbili bila ya dalili yoyote ya joto, akashuka na brashi ya viatu kupangusa mbegu za nyasi zilizojaa usoni pa rejeta. Nilidhani anazidisha. Nilipoona alizozitoa, zikijaza kofia yake, nilinyamaza.

Karibu na Mzenga, inapopita reli ya TAZARA, tulipakia magunia ya mihogo na abiria sita. Kisha mchanga ukaanza. Mshale ukapanda, polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Kijana mmoja nyuma akashauri tusimame tumwagie injini maji ya kidimbwi.

“Mjomba, tusimame?” niliuliza.

“Tusimame, mjomba, lakini injini isizimwe,” alijibu.

Aliiacha ingurume taratibu, feni ikivuta, na hakukigusa kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima hushikilia msukumo, kiasi kwamba maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Ukikifungua yangali na joto hilo, hugeuka mvuke mara moja na kukuruka usoni. Maji baridi juu ya chuma cha moto nayo hupasua. Alinionyesha pia jambo ambalo sikulijua: mshale ukianguka ghafla si lazima iwe heri, kwani maji yakiwa yamekwisha, kipimo hubaki hewani na kusema uongo. Ndiyo maana alitupia jicho chini ya gari kabla ya kuuamini.

Baada ya dakika kumi mshale ulirudi katikati. Mjomba alipunguza upepo wa magurudumu ili yasizame, naye akaendelea bila ya haraka hata kidogo. Tulipita Maneromango, penye misheni ya Kilutheri ya tangu enzi za Wajerumani, kisha Msanga, kisha Masaki, ambayo si ile Masaki ya majumba ya ufukweni. Alasiri tulianza kuona vilima vya upande wa Pugu na kijani cha msitu wa Kazimzumbwi.

Kisarawe mjini mjomba alizima injini, akabaki ameketi, mikono juu ya usukani, akisikiliza. Hapakuwa na mvumo wa maji yanayotokota. Mama mmoja aliyepandia Mzenga alishusha gunia lake, akahesabu nauli, akauliza gari linarudi lini.

“Jumatano,” mjomba alisema. “Saa kumi na mbili asubuhi. Usichelewe.”