Usaili wa Kazi Isiyo na Mshahara

Naomba nilalamike kwanza, mengine yatafuata. Nimetoka kusailiwa na watu watano, saa nzima na ushee, kwa ajili ya nafasi isiyolipa hata senti. Ni mafunzo kwa vitendo ya uongozi wa shule: unaendelea kufundisha darasa lako kama kawaida, halafu asubuhi na mapema, wakati wa chakula cha mchana na baada ya vipindi unamsaidia mkuu wa shule kazi zake. Hapa Texas anayetaka cheti cha ukuu wa shule lazima awe na shahada ya uzamili, awe amefundisha miaka miwili, afaulu mitihani ya jimbo na atimize saa 160 za mafunzo hayo, zote zikiandikwa na kutiwa saini. Sawa, sikatai. Lakini kuomba kusimamia watoto wakila piza mpaka nifunge tai na kueleza falsafa yangu ya elimu?

Kule nyumbani Tanzania, baba mdogo alipata ualimu mkuu bila kuulizwa hata kama anautaka. Barua ililetwa na mratibu elimu kata juu ya baiskeli: umeteuliwa, unatakiwa kuripoti. Basi. Makabidhiano yalikwisha kabla chai haijapoa. Alipewa mhuri, funguo, leja na deni la maharage, ambalo mtangulizi wake hakulitaja mpaka mwenye duka alipokuja kulitaja mwenyewe. Kozi ya uongozi wa elimu ya chuo cha MANTEP pale Bagamoyo, siku hizi ADEM, aliipata baadaye, akiwa ameshagombana na kila mtu aliyepaswa kugombana naye. Na wengi mnaonisoma mmelelewa na walimu wakuu wa namna hiyo, kwa hiyo msijifanye kushangaa.

Turudi kwa wasaili wangu. Tulikaa maktaba, watu wazima kwenye viti vya watoto, magoti karibu na kidevu. Alikuwapo mkuu wa shule, msaidizi wake, mwalimu wa darasa la tatu, mshauri nasaha na mzazi mmoja. Kila mmoja ana karatasi yenye maswali yaleyale, anasoma zamu yake neno kwa neno, kisha anainamisha kichwa na kuandika. Nilitupa utani mdogo kuhusu vile viti. Hakuna aliyeudaka. Kwetu msaili angeuliza kwanza unatoka wapi, angegundua mnafahamiana kupitia shangazi yake, mngecheka, na hapo ndipo upendeleo ungeanzia. (Najua, najua. Ndiyo maana hawa wanasoma karatasi.)

Swali lililoniudhi lilikuwa la mshauri nasaha: tueleze ulivyomsaidia mwalimu mwenzako aliyekuwa halegezi msimamo wala hasikii. Nikawapa kisa cha nyumbani. Tulikuwa na mwalimu anayekosa kipindi cha kwanza kila Jumatatu. Mimi na mwalimu mmoja mzee tukamfuata kwake jioni. Tukakaribishwa, tukanywa chai, tukaongea mahindi, tukaongea mvua, tukaongea ada ya binti yake. Mgeni akishaaga ndipo husema alichokijia, basi mzee akasimama mlangoni anatafuta kiatu chake cha pili, akasema, "Lakini Mwalimu, watoto wanakusubiri Jumatatu." Jumatatu jamaa alifika kabla ya kengele.

Nilijua hapo nimemaliza kazi. Mshauri nasaha akainua macho. "Na kumbukumbu za maandishi uliziweka wapi?"

Maandishi! Kwetu karatasi ni vita. Mkuu akikuandikia barua ya kujieleza, nakala kwa mkurugenzi, nakala kwenye jalada, hiyo chai ya pamoja imekwisha; mtasalimiana kwa vichwa tu mpaka mmoja wenu ahame. Anayekutakia mema hukwambia kwa mdomo, tena pembeni. Hapa mambo yamepinduliwa. Mkuu anakaa nyuma ya darasa na kompyuta mpakato, anaandika ulichosema saa tatu na dakika saba, anaandika nani alikuwa anasinzia, anakutumia ripoti kabla hujafika nyumbani, na kesho yake mnakutana kwenye korido anakuulizia watoto huku anacheka. Hana kinyongo. Rafiki yangu Mkenya, mwalimu wa hisabati, alipopata ripoti yake ya kwanza alianza kuulizia kazi Dallas.

Nakubali karatasi ina faida: mkuu mpya akija anajua yaliyopita bila kutegemea umbea wa ofisi ya walimu. Ila yule wa Jumatatu, tungemwandikia, angekuja? Angekuja na barua ya daktari.

Kitu kimoja kilinilainisha. Mwishoni walinipa karatasi ya matukio: ni saa moja na dakika arobaini asubuhi, mkuu hayupo, shule ni yako. Mwalimu wa muda hajafika na darasa la tatu halina mtu mzima. Baba mmoja yuko mapokezi anataka kumchukua mtoto, na jina lake halimo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Makao makuu wanataka takwimu za mahudhurio. Basi limeharibika njiani. Mwalimu analia chooni. Panga, utaje na sababu. Jamani, hiyo si ndiyo zamu? Nilianza na darasa, nikaenda kwa yule baba, nikateremka mpaka takwimu mwisho kabisa. Mzazi akauliza, "Na yule anayelia?" Nikasema namtuma mwalimu wa kike aliye mtu mzima, aende na chai. Wote watano wakaandika kwa mpigo.

Bado nadai hela yangu, hata hivyo. Nyumbani serikali ilitangaza posho ya madaraka mwaka 2016, shilingi 250,000 kwa mwezi kwa mkuu wa sekondari na 200,000 kwa mwalimu mkuu wa msingi. Cheo bila usaili, na posho juu. Siku hizi usaili umehamia mlangoni: mwalimu mpya anayetafuta ajira ndiye anayeitwa na Sekretarieti ya Ajira, ilhali ukuu bado unakuja kwa barua.

Nilimsimulia binti wa dada yangu, anayefundisha sekondari Morogoro. "Mjomba, nitumie hayo matukio." Akayabadilisha akayapeleka ofisini kwa walimu: mpishi anasema kuni zimekwisha, bweni la wasichana halina maji, mwalimu wa hesabu ameenda benki kufuatilia mkopo, afisa elimu kata anataka takwimu za tangu jana, na diwani anapita barabarani, haijulikani kama ataingia. Panga. Anasema walibishana kuhusu kuni na maji mpaka kengele ya mapumziko, lakini namba moja hakuna aliyebisha: diwani.