Kabla ya Julai Mosi

Jumatatu, 17 Mei 2021. Kasulu

Basi imeshakuwa. Julai mosi tunaiaga Epicor, tunaingia MUSE. Mwaka mpya wa fedha, mfumo mpya wa malipo na hesabu za halmashauri. Mweka Hazina kaniita pembeni baada ya kikao: "Bwana TEHAMA, Ijumaa nataka mpango kwa maandishi." Sawa, Mweka Hazina. Nitauandika.

Kutwa napiga simu Kibondo kwa dada, TEHAMA mwenzangu wa huko, hapokei. Halafu nikakumbuka: jana ilikuwa kura Muhambwe, jimbo lao. Na Buhigwe pia. Watumishi wako hoi kwa uchaguzi mdogo, nani atapokea simu ya mambo ya seva? Atanipigia mwenyewe.

Nimefungua daftari. Kushoto vinavyobaki, kulia vinavyohama. Kulia kumejaa mpaka pembezoni: bakaa za akaunti, masurufu yasiyorejeshwa, wadai, wadaiwa, vifungu vya GFS vya mapato na matumizi, watumiaji wote na kazi zao, nani anaandaa, nani anakagua, nani anaidhinisha. Kushoto nimeandika kitu kimoja tu: seva. Hiyo siyo yetu. Ipo Dodoma, sisi huku tuna waya na skrini.

Baridi ya Kasulu imeanza. Nimeandika nikiwa na koti.

Alhamisi, 20 Mei

Leo nzima orodha ya wazabuni.

Kuna fundi mmoja wa Heru Juu, mzee, aliyetengeneza madawati ya sekondari. Kwenye orodha yupo mara tatu. Mara ya kwanza kwa jina lake kamili. Mara ya pili jina la kati limeondoka, limeingia neno Fanicha. Mara ya tatu R imegeuka L. Akaunti za benki mbili tofauti. TIN ipo kwenye jina la kwanza. Deni lipo kwenye jina la tatu, lile lisilo na TIN wala akaunti.

Maelekezo ni kupeleka majina safi tu kwenye mfumo mpya. Sawa kabisa. Uchafu wa miaka hauhamishwi. Lakini jina chafu lina mtu ndani yake. Nikichuja kwa TIN peke yake, jina la kwanza linapita bila deni, la tatu linabaki na deni bila mtu. Hesabu zitafungwa vizuri, na mzee atakuwa amedhulumiwa bila yeyote kukusudia.

Kwa hiyo hakuna kuchuja kwa mashine peke yake. Jina kwa jina, faili kwa faili, LPO mkononi. Nimemwambia Mweka Hazina itachukua muda. Kasema tuchukue.

Jumapili, 30 Mei

Baada ya ibada nilipita kwa mzee jirani. Karani mstaafu, ujana wake aliumalizia Dar es Salaam, Hazina, enzi za Mwalimu. Nikamweleza habari za kuhama mfumo, nikidhani namsimulia jambo geni.

"Mwanangu, sisi kompyuta tuliiona kabla hujazaliwa."

ICT 1500. Iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, ya kwanza nchini. Chumba kizima. Kazi ya makarani kadi za matundu. Akanionyesha kwa kidole juu ya meza: namba moja, tundu moja, tk, tk, tk. Ukikosea tundu halizibiki. Kadi inatupwa, unaanza nyingine. Na boksi la kadi likianguka, mpangilio wote umeharibika, mnakaa chini mnazipanga upya. Ananionyesha na vidole vyake bado vinakumbuka.

Mwisho ilishindikana, akasema. Nikamuuliza ilikuwaje. Kanyamaza kidogo. "Mashine ilitangulia watu." Waliojua kuiendesha walikuwa wageni, wenyeji ndio kwanza wanajifunza. Hesabu zikavurugika, ikabidi kurudi kwenye vitabu vya mkono. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Na televisheni pamoja nazo. Miaka ikaenda hivyo.

Nimerudi nyumbani na sentensi hiyo. Mashine ilitangulia watu. Hii ya sasa imejengwa na Watanzania wenzetu, kikikwama kitu tunauliza Dodoma kwa Kiswahili. Hapo tumeshapiga hatua kubwa. Lakini Dodoma siyo Kasulu, na aliyeijenga siye atakayekaa dirishani na mwalimu anayeuliza posho yake. Usiku huu nimeongeza sura nzima kwenye mpango: Watu. Nani anafundishwa nini, na nani, kabla ya lini. Waya na UPS vimesogea nyuma.

Alhamisi, 10 Juni

Bajeti. Ofisi nzima kwenye redio. Waziri wa Fedha Mwigulu, shilingi trilioni 36.33. Pale stendi bodaboda walipiga honi zote kwa pamoja waliposikia faini yao ya barabarani imeshuka kutoka elfu thelathini hadi elfu kumi. Furaha ya kweli, nimeifurahia pamoja nao.

Halafu ikaja hii: Watendaji wa Kata, posho ya laki moja kila mwezi, itoke mapato ya ndani ya halmashauri. Wenzangu wakapiga makofi. Mhasibu wa Mapato akanigeukia: "Kifungu chake kipo huko tunakohamia?" Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwezi huu. Nimeliandika juu ya ukurasa kwa wino mwekundu. Mtendaji wa kata anayetembea vijiji kwa mguu asiambiwe Agosti kwamba posho yake haina mahali pa kukaa.

Jumatano, 16 Juni. Kibondo

Gari la alfajiri. Makere, njia panda ya Nyarugusu, tukavuka Malagarasi jua limeshachomoza. Barabara yote ni kazi: magreda, vifusi, vijana wenye bendera za kusimamisha magari. Lami ya Kabingo mpaka Manyovu, kilomita 260, inakuja. Vumbi jekundu mpaka ndani ya begi la laptopu. Nimeifuta nje ya ofisi kabla sijapiga hodi.

Dada amenipokea na chai ya moto na tabasamu la mtu aliyelala siku mbili mfululizo baada ya uchaguzi. Ukutani kabandika mpango wake. Nilisimama mbele yake muda mrefu.

Mimi madeni nimeyapanga kwa ukubwa. Yeye kayapanga kwa subira. Juu kabisa wale ambao hawawezi kusubiri hata wiki: gesi ya majokofu ya chanjo kwenye zahanati, chakula cha wagonjwa, mafuta ya gari la wagonjwa. Katikati posho za safari za watumishi. Chini wakandarasi wakubwa, wenye uwezo wa kusubiri mwezi. Pembeni ya kila mstari jina la mtu mmoja wa ofisini atakayejibu simu yake ikipigwa.

"Kaka, mtandao ukikatika tarehe mbili Julai," kaniambia, "mimi nataka nijue anayeumia ni nani. Waya utatengenezwa tu."

Nimenakili mpango wote. Kwa mkono, kusudi uniingie.

Mchana ugali wa muhogo na migebuka, maharage pembeni. Tumegombana kidogo kuhusu vituo: yeye anataka zahanati na shule zinazotumia FFARS, mfumo wa hesabu wa vituo, ziandikiwe barua sasa hivi, mimi naona tuzisubirishe tusizitie hofu. Ameshinda. Anayepokea fedha ajue mapema zinatokea njia ipi. Nimenunua asali ya kwao, chupa ya mzee jirani.

Jumamosi, 19 Juni. Kasulu

Mafunzo ya ndani. Jumamosi, na bado wamekuja wote. Mungu awabariki.

Mama yetu wa vocha, anayekaribia kustaafu, alikaa mwisho kabisa karibu na mlango. Kila mtu anamheshimu. Epicor anaijua kwa vidole, haangalii hata skrini. Nilipoita wa kwanza kujaribu akainamisha kichwa. Nikamfuata. "Mama, tukae wote." Akasema taratibu, asisikike: "Mwanangu, mimi nimebakiza muda mfupi. Nisije nikaharibu fedha za watu."

Sikumpa maneno mengi. Nikamwekea vocha ya majaribio, hakuna fedha halisi ndani, aharibu anavyotaka. Akaandaa. Akatuma. Halafu akaona kitu: mahali vocha ilipofika. Imeandaliwa, inasubiri ukaguzi, ipo kwa fulani. Akavaa miwani vizuri. "Kumbe naweza kuona imekwama kwa nani?" Ndiyo, mama. "Basi mtu akija dirishani nitamjibu." Akaandaa nyingine bila kuulizwa. Jioni alikuwa anamfundisha kijana wa stoo.

Furaha yangu leo haina mfano. Nalala mapema.

Ijumaa, 25 Juni

Siku mbaya.

Mtandao umekata saa nne asubuhi. Mkonga umekatika mahali, hawasemi wapi. Saa sita umeme ukafuata. Gridi ya Taifa haijafika kwetu, mji unawashwa na jenereta za dizeli. UPS ikalia, ikalia, ikanyamaza. Ofisi giza, na nje foleni ya watu wanaotaka kulipwa kabla mwaka haujafungwa.

Nimekaa kwenye ngazi nikiwaza: hii ikitokea tarehe mosi?

Kisha nikainuka. Laptopu yenye chaji, modemu ya akiba, dirishani upande wa mnara. Epicor inataka programu yake kwenye kompyuta, MUSE inataka kivinjari tu. Polepole. Duara linazunguka, linazunguka. Vocha ya majaribio ikapita. Ilichukua muda wa kunywa chai, lakini ikapita. Nimeandika kwenye mpango: laptopu mbili zisizoguswa, chaji kamili kila jioni, modemu za mitandao miwili tofauti, dizeli ya jenereta yetu ndogo inunuliwe sasa, siyo siku ya shida.

Bado nina hofu. Ila sasa hofu ina orodha.

Jumatano, 30 Juni

Saa tano usiku, ofisini.

Malipo yamefungwa. Urari umechapwa, umesainiwa kila ukurasa. Nakala mbili kwenye diski: moja kasiki ya Mweka Hazina, nyingine nje ya jengo. Tumeomba Epicor ibaki ya kusoma tu, maana wakaguzi wa CAG watakuja na maswali ya 2020/21 na hatuwezi kuwajibu kwa kumbukumbu za kichwani.

Wadai tumewasoma kwa sauti. Wazo la Mkaguzi wa Ndani. Mmoja anasoma kutoka faili, mwingine anatia alama kwenye orodha inayohama. Ilikuwa kazi ndefu na hakuna aliyelalamika. Walipofika kwa fundi wa Heru Juu nilisimama. Jina moja. TIN moja. Akaunti moja, tumeithibitisha naye kwa simu. Deni lake juu yake.

Mama wa vocha kabaki mpaka mwisho. Kaleta karanga.

Alhamisi, 1 Julai

Saa mbili kasoro asubuhi. Neno la siri jipya. Mikono inatetemeka kidogo, sijui ni baridi.

Imefunguka.

Masurufu hayakulingana na urari wa jana. Moyo ukapasuka. Saa nzima tunatafuta, tukakuta rejesho moja limeingizwa chini ya idara nyingine. Limerekebishwa, na saini ya aliyerekebisha ipo. Nimempigia dada Kibondo. Kwao pia imefunguka. Tumecheka tu kwenye simu, maneno hayakuja.

Watendaji wa Kata kifungu kipo. Nimekikagua kwa macho yangu.

Jumanne, 13 Julai

Mzee fundi amekuja mwenyewe. Kofia mkononi, shikamoo yangu kaiitikia kwa upole, kakaa. Hakuuliza mfumo. Kauliza deni lake.

Mama wa vocha akamgeuzia skrini. "Mzee, uko hapa. Jina lako hili. Kiasi hiki. Imepita kwangu, imepita ukaguzi, inasubiri idhini." Mzee akasogea, akasoma jina lake kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine. Akauliza lini. Tukamwambia ukweli: tarehe hatuwezi kuahidi, bali hatapotea tena, na akija tena ataonyeshwa hapahapa ilipofika. Akasema, "Hiyo inatosha kwa leo." Akaondoka kwenda kwenye msumeno wake.

Sijui kama kuna cheti cha kazi hii kinachonifaa kuliko sentensi ile.

Bado vituo. Siku moja zahanati na shule nazo zitahama, na muuguzi wa zahanati ya kijijini, aliye mwenyewe mhasibu, mwenyewe daktari wa usiku, atakabidhiwa mfumo mwingine. Dada wa Kibondo tayari anaandika majina yao. Nimemwomba anitumie, nianze na ya kwetu wiki hii.

Na mpango huo nitakapoandika, najua utakavyopangwa. Ukurasa wa kwanza wanaosubiri. Wa pili watakaowahudumia. Waya, seva na tarehe vianzie wa tatu.